Ndoo ya bluu, Liemba na bibi Katharine Hepburn

Watu wakiniuliza staa wangu nani nikawaambia Katharine Hepburn, mwigizaji wa zamani wa Hollywood, wananiangalia kama nimetaja dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wenzangu wana mastaa wao wa sasa hivi, mi nina bibi aliyezaliwa 1907. Sasa ngoja nieleze ilikuwaje, maana mi huyu mama sikumjulia sinema wala kwenye TV, nilimjulia katikati ya Ziwa Tanganyika, ndani ya meli ya Liemba, tumbo halina kitu na pembeni ya kichwa kuna ndoo.

Ilikuwa 2007, mwezi wa saba. Nilikuwa mwalimu mpya, tena wa lile kundi mnaolijua, vodafasta, tumemaliza form six tukapigwa kozi ya wiki chache haoo tukatawanywa shule za kata. Mi nikapangiwa Nkasi, Rukwa. Kwetu ni Kasulu, milimani kabisa, ziwa nilikuwa nalijua kwa kula migebuka tu, nikaambiwa njia rahisi ni kushuka Kigoma mjini, kupanda Liemba, kuteremkia Kipili. Rahisi! Mama akanifungashia godoro la inchi nne kwa kamba ya katani, begi, sufuria mbili, jiko la mchina, na ndoo ya bluu ya lita ishirini yenye mfuniko. Ile ndoo ndo alikuwa anaitilia mkazo kuliko cheti changu. "Mwalimu mgeni bila ndoo atateka maji na nini, na mdomo?" Ndani yake akapanga unga, sabuni za mche, chandarua na kandambili, akabana mfuniko kwa kuukalia.

Tukaondoka Kigoma jumatano jioni. Nilikuwa daraja la tatu, chini, pamejaa mananasi na magunia na watoto na harufu ya mafuta ya injini, na mwanzoni nilikuwa na furaha zangu tu naangalia taa za Kigoma zinavyorudi nyuma. Afu giza likaingia, upepo wa kusini ukaanza, meli ikawa inapanda inashuka inapanda inashuka, taratibu, haina haraka, kama mtu anayebembeleza mtoto asiyetaka kulala. Nikajikokota hadi deki ya juu nipate hewa. Nikakaa dakika tano. Dakika ya sita nikamtapikia mtu kwenye kanga.

Yule mtu ndo Mama Doto.

Alikuwa mfanyabiashara, anapeleka mzigo Mpulungu, Zambia, na kurudi, njia anaijua kama anavyoijua jikoni kwake. Hakupiga kelele. Akaangalia kanga yake, akaniangalia mimi, akauliza, "Ile ndoo kule chini yenye godoro ni yako?" Nikaitikia kwa kichwa. Akashuka, akarudi nayo, akafungua mfuniko, unga na sabuni na chandarua vyote akavihamishia kwenye kiroba chake bila hata kuniomba ruhusa, akaniwekea ndoo mapajani. "Tapikia humu mdogo wangu. Deki ya watu hii." Na mi nikatii. Usiku kucha nikatii. Kila ikifika robo anaichukua anaenda kuimwaga ziwani, anaifunga kamba anaishusha anaisuuza anairudisha, ananipa kipande cha limau ninuse, ananifunga kanga tumboni imebana mpaka mbavu zinaniuma, na muda wote ananisema. Mtoto wa Kigoma gani anatapika ziwani. Nikamwambia dada mi wa Kasulu. "Kasulu si Kigoma? Ama mmehamia Burundi?"

Alhamisi mchana kutwa sikumbuki vizuri. Nakumbuka meli inasimama katikati ya maji, hamna gati, mitumbwi na maboti ya injini yanatoka pwani yanakimbizana kuwahi kwenye mlango wa ubavuni, watu wanapitishwa mkono kwa mkono, mbuzi, kitanda, bibi mzima amebebwa kama furushi. Nilikuwa naangalia nasema mi kesho nashukaje pale.

Jioni ziwa likatulia. Mama Doto akaninywesha uji wa chumvi, nikaanza kuona watu wana sura. Sasa kwenye ile meli kulikuwa na kijana wa Kijerumani, mwanafunzi, begi kubwa mgongoni, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini hakiogopi. Akawa anawaambia mabaharia kwamba ana muvi kwenye laptopu yake, muvi ya zamani sana, ya 1951, na ndani yake kuna manowari ya Wajerumani kwenye ziwa, na hiyo manowari ilitungwa kwa kuifuata hii meli tuliyopanda. Hii hii. Bana, habari kama hiyo kwenye meli ambayo watu wamekaa siku nzima hawana cha kufanya! Ndani ya nusu saa laptopu iko juu ya kreti za soda kwenye mgahawa, watu wamejaa, wengine wanachungulia madirishani kutokea nje, watoto wamekaa mpaka chini ya meza.

Muvi inaitwa The African Queen. Kiingereza kitupu. Na hapo ndo Mama Doto akaniponza, akasimama katikati ya watu akasema, "Tunaye mwalimu hapa. Mwalimu atatafsiri." Mi natetemeka miguu, nanuka limau, nimekumbatia ndoo kwa tahadhari, nikakalishwa kwenye kiti cha mbele nikawa Lufufu, yule mtafsiri wa muvi.

Inaanza na kanisa. Kijiji, joto, misheni ya Kiingereza kwenye Afrika Mashariki ya Mjerumani mwaka 1914, mchungaji anaimbisha, na dada yake yuko pembeni anapiga kinanda. Huyo dada ndo Hepburn. Mi niseme ukweli sikuona mrembo. Niliona mwanamke mwembamba, mifupa ya mashavu imechomoza, gauni limefungwa vifungo mpaka shingoni, jasho linamtiririka, uso umekakamaa kama mtu anayejizuia jambo. Mtu nyuma yangu akasema, "Huyu sista anaumwa." Watu wakacheka. Kumbukeni hilo neno.

Lakini ukitafsiri mtu kuna kitu kinatokea, nadhani hata Lufufu mwenyewe angekubali. Unamwazima mdomo wako. Kaka yake anakufa, Wajerumani wamechoma kijiji, anabaki na mwendesha boti mlevi mlevi, Humphrey Bogart huyo, na huyu dada wa kanisa anakuja na wazo kwamba washuke mto wote, wapite maporomoko, watengeneze mabomu ya kienyeji wakaizamishe manowari ya Mjerumani. Anavyoliongea ni kama anapanga ratiba ya kwaya. Kidevu juu, sauti inatetemeka kidogo lakini hairudi nyuma. Mi mwoga kwa asili, lakini nilipokuwa namsemea nikajikuta na mimi kidevu kiko juu.

Kukatokea kesi mbili. Ya kwanza ni ya mto. Kwenye muvi mto unaitwa Ulanga, na kulikuwa na askari polisi amevaa fulana anasafiri likizo, mwenyeji wa Mahenge, akasimama kabisa. "Mwalimu, simamisha. Ulanga ya kwetu? Ulanga inaenda Rufiji, inaingia bahari ya Hindi kule. Ziwa gani?" Nikamwambia afande mi natafsiri tu, ramani sikuchora mimi. Hakuridhika mpaka mwisho, kila boti ikipita kona anasema "waongo hawa."

Ya pili ni aibu yangu. Wanapita maporomoko ya kwanza, boti inarushwa, maji yanawapiga, Bogart anategemea huyu dada atakuwa amezimia kwa hofu na safari itaishia hapo. Kumbe mwenzie uso unawaka! Anamwambia hajawahi kuota kwamba jambo la mwili linaweza kumsisimua mtu namna ile. Sasa nitafsirie hilo, mimi, binti wa miaka ishirini na moja, mbele ya wasafiri wote wale na mabaharia. Nikasema polepole, "Anasema... mwili umesisimka." Meli nzima ililipuka. Mama Doto alicheka akaegemea ukuta machozi yanamtoka, na hadi leo akinipigia simu anaanza na hilo.

Kuna sehemu anamwaga pombe za Bogart zote mtoni, chupa moja baada ya nyingine, hasemi kitu, anazimimina tu kama anamwagilia bustani. Wanaume pale ndani walinyamaza kama wako msibani.

Mwishoni manowari inalipuka na ugomvi ukaanza. Mmoja anashangilia, mwingine anasema we unashangilia nini hiyo si Liemba yetu imepigwa? Na sisi tumo ndani! Akatoka mzee mmoja wa chumba cha injini, mikono ina grisi, wote tukampa shikamoo, akatulia akatoa somo. Akasema hakuna Mwingereza aliyeilipua hii meli. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa maji mpaka Dar na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa, ikaingia ziwani 1915. Mwaka 1916 walipoona wanazidiwa Wajerumani wenyewe wakaizamisha, lakini mafundi kwanza wakapaka mashine grisi nzito zisiliwe na maji, maana walijua itatakiwa tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua. "Ndo mnaikalia." Akarudi chini. Yule Mjerumani alikuwa anaandika kwenye daftari kwa kasi.

Kipili tulifika usiku wa manane. Nilishuka vile vile nilivyoogopa, mlango wa ubavuni, taa inamulika maji meusi, boti inapanda inashuka, wanaume wanapiga kelele "ruka mwalimu ruka," godoro likarushwa, begi likarushwa, mimi nikarushwa. Mama Doto alikuwa mlangoni anasema nisiogope, mikono yake ndo ya mwisho kuniachia. Boti ilipoondoka nikakumbuka ndoo. Na unga. Na chandarua. Vyote vimeenda Zambia.

Wiki tatu hivi baadaye kijana wa bandarini akaja shuleni anauliza mwalimu wa kutapika yupi. Hivyo hivyo, mbele ya wanafunzi. Ameleta ndoo ya bluu, mfuniko umefungwa kwa kamba, ndani imejaa dagaa wa Kigoma mpaka juu na chandarua changu kimekunjwa pembeni. Unga haukuwemo, unga aliula, na hajawahi kuomba msamaha.

Sasa miaka ikaenda. Mwaka 2013 niko Dar nasoma digrii, napita kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandikwa chini pale Posta, naona uso. Mashavu yale, kidevu kile. Kitabu cha Hepburn mwenyewe, alikitoa 1987 akiwa na miaka 80, kinahusu utengenezaji wa ile muvi tu, na kina jina refu ajabu, linaishia na maneno kwamba alikwenda Afrika na Bogart, Bacall na Huston na nusura achanganyikiwe. Nikakinunua kwa hela ya nauli, nikarudi Ubungo kwa miguu, na sijutii.

Kumbe walikuja kweli huku kwetu. Studio nyingi zingejenga mto wa uongo kule kule, lakini Huston, yule mwongozaji, akawaleta 1951, kwanza Kongo, sehemu inaitwa Biondo kando ya mto Ruiki, afu Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Siafu waliwavamia kambini. Boti ikazama wakaivuta ikatoka. Zile picha za watu kuingia majini wenyewe ndo zilikuja kupigwa London kwenye tangi maana maji ya huku yalikuwa na magonjwa. Na kuna siku Huston alimwendea akamwambia acheze yule dada kama Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais wa Marekani, anavyotembelea wagonjwa hospitali, na tabasamu lake la heshima, na Hepburn akasema ni maelekezo bora kuliko yote aliyowahi kupewa. Mi niliposoma hapo nikakumbuka ule uso uliokakamaa, nikasema ahaa.

Lakini iliyonipiga ni habari ya maji. Huston na Bogart walikuwa wanakunywa wiski asubuhi mchana jioni, na Hepburn akakereka, akaamua kuwatolea mfano kwa kunywa maji, glasi kwa glasi, mbele yao. Maji yenyewe yalikuwa machafu. Walevi hawakuugua hata mafua. Yeye akapigwa na kuhara kubaya mno akabaki mifupa. Na lile kanisa, lile la mwanzo, anapiga kinanda Butiaba, alikuwa mgonjwa kiasi kwamba wakamwekea ndoo pembeni pale nje ya picha, wakisimamisha kamera anageuka anatapika, anajifuta, anarudi kwenye kinanda.

Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Ndoo! Yule abiria aliyesema sista anaumwa aliona kitu ambacho kampuni nzima ya muvi ilikuwa inakificha.

Na kulikuwa na mwenzie. Lauren Bacall, mke wa Bogart, naye staa mkubwa tu, ana miaka 26, mtoto wao wa miaka miwili wamemwacha nyumbani, na kwenye hiyo muvi hana hata sekunde moja. Alikuja kumsindikiza mume. Angeweza kukaa chini ya mti na miwani yake ya jua. Badala yake akawa anapika chakula cha mchana na kuuguza wagonjwa, na wakati huo Hepburn ana miaka 44, jina kubwa, mkali, sio mtu wa kuzoeleka kirahisi, na hawa wawili wakatoka huko porini marafiki mpaka Hepburn anafariki 2003. Zaidi ya miaka hamsini. Bogart alipokuwa anakufa na saratani Januari 1957, Hepburn na mpenzi wake Spencer Tracy ndo walikuwa wanakuja kumkalia kitandani karibu na siku zake za mwisho, Bacall yupo pale. Hollywood tunasikia tu waliogombana, wanaonyang'anyana waume, hizi habari za mtu kumkalia mwenzie hazina soko sijui kwa nini. Na Hepburn alikuwa nayo hiyo tabia kwa watu wa kazini, hata 1980 alipokutana na mwigizaji mwenzie Henry Fonda kwa mara ya kwanza, siku ya kwanza tu ya kupiga muvi yao ya On Golden Pond, alimpa kofia aliyokuwa anaipenda marehemu Tracy, na Fonda akaivaa ndani ya muvi. Tuzo nne za Oscar za mwigizaji bora wa kike alichukua huyu mama, hakuna aliyemfikia mpaka leo, ila mimi zile tuzo hazinipi kitu, nakumbuka kofia na ndoo.

Mwaka jana usiku mmoja nikaitafuta muvi nikaiangalia peke yangu kwenye simu, mara ya kwanza tangu ile ya kwenye kreti za soda. Lile kanisa nikalirudia mara tatu. Ukishajua unaona, kuna sehemu jicho linateleza kushoto sekunde moja hivi, labda ni mimi najitungia. Nikaipiga picha skrini, nikamtumia Mama Doto Whatsapp na voisi ndefu namweleza yote, Butiaba, maji, ndoo, na yule mke wa Bogart aliyekuwa anauguza. Liemba yenyewe ilisimama safari ikalala bandarini na yeye biashara amehamishia sokoni Kigoma, kwa hiyo ana muda wa kusikiliza.

Akajibu asubuhi. Kelele za soko nyuma, mtu anabishana bei. "Nimemuona. Amekonda sana. Sasa huyo aliyemshikia ndoo mbona hayupo?"

Nikamwandikia hakuwemo kwenye muvi, alikuwa kasindikiza mume tu.

Ikaja voisi nyingine, fupi. "Haya. Na wewe unga wangu wa uji ule wa kwenye meli hujanilipa." Nikamjibu wewe ndo hujanilipa kiroba kizima, na tangu siku hiyo hatujamalizana.